Kufufua gari la zamani nyumbani: maswali yanayoulizwa sana, kuanzia Nakuru hadi Kisumu

Majibu haya yanafuata mpangilio wa kazi yenyewe: kuchagua gari, kulifungua, kutu, injini, breki, umeme, rangi, halafu karatasi. Jambo likishajibiwa mahali pamoja halirudiwi, utaelekezwa lilipo. Mifano mingi ni ya Volkswagen Beetle, Peugeot 404 na 504 na Land Rover Series, maana ndiyo magari yanayoulizwa zaidi kutoka nyua na mashamba ya Nakuru, Kitale, Kericho na Kisumu.

## Kabla ya kununua

Mimi si fundi. Nianze na gari gani?

Anza na gari ambalo spea zake bado zinauzwa na ambalo mafundi wa mtaani kwako wamewahi kulifungua. Kwa sababu hiyo Beetle ndiyo shule nzuri. Injini yake imeshikwa na bolti na nati nne tu, na watu wawili wenye jeki ya gurudumu huitoa kabla ya saa sita. Peugeot 504 inafuata, kwani pikapu yake ilibeba mizigo na abiria wa nchi hii kwa miaka mingi, na vipande vyake vingi vya injini na vya chini vingali sokoni.

404 ina jina kubwa zaidi (ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968) lakini taa zake, fito za mapambo na difu yake (gia za ekseli ya nyuma) vinahitaji subira. Land Rover Series hudanganya macho: bodi ya aluminiamu haili kutu, mnunuzi akafurahi, kumbe chesisi ya chuma iliyo chini imebaki ganda.

Kanuni ya kununua ni moja. Chukua gari kamili lenye injini mbovu, uache lile lenye injini nzuri lisilo na milango, kioo cha mbele wala taa. Injini iliyokufa hufufuka. Kioo chenye mkunjo ambacho hakitengenezwi tena kitakuweka ukingoja miaka.

Si rahisi zaidi kuagiza moja kutoka Uingereza au Japani?

Magari ya mtumba yanayoingia Kenya yamewekewa kikomo cha umri wa miaka minane, kwa hiyo tafuta lililoko tayari nchini. Spea ndizo unazoweza kuagiza.

Gari limelala shambani miaka kumi. Nikague nini?

Nenda na nyundo ndogo, tochi, sumaku na bisibisi pana. Sumaku ifunikie kwa kitambaa chembamba, uipitishe chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu na pembe za bonet. Isiposhika, hapo kuna fila nene au faiba, si chuma (isipokuwa bodi ya aluminiamu ya Land Rover).

Kwenye Beetle inua kiti cha nyuma. Betri hukaa chini yake upande wa kulia, na asidi yake hula sakafu kabla ya mahali pengine popote. Kisha gonga mihimili ya pembeni chini ya milango, ile inayopitisha hewa ya joto. Sauti ya "ting" ni chuma. Sauti ya "tup" ni kutu iliyopakwa rangi. Kwenye Land Rover gonga chesisi karibu na vishikio vya springi na sehemu ya nyuma kabisa, halafu utazame ukuta wa chuma mbele ya miguu ya dereva.

Ukimaliza, shuka kwenye mambo ya shamba. Panya hutafuna waya nyuma ya dashibodi. Mchwa hula mbao za Land Rover za zamani na nyuzi za viti. Nyigu wa udongo hujenga ndani ya bomba la petroli na mdomo wa kabureta, na tope lao likikauka ni kama saruji. Mwisho linganisha namba ya chesisi na ile ya logbuku (hati ya usajili wa gari) kabla ya kutaja bei.

Nitatumia pesa na muda kiasi gani?

Bei ya kununua ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Bodi na rangi hula sehemu kubwa, injini inafuata, na vitu vidogo (raba, klipu, bushi, nati) hukusanyika kimyakimya. Tenga theluthi moja ya bajeti yako usiiguse mpaka gari liwe limefunguliwa lote, kwa maana hapo ndipo utakapojua ulichonunua. Kwa anayefanya kazi Jumamosi na jioni mojamoja, miaka miwili si mingi.

## Mahali na vifaa

Nina nafasi ya gari moja tu chini ya mabati. Inatosha?

Haitoshi. Gari likifunguliwa huchukua nafasi mara mbili au tatu: milango, viti, bonet na injini vinahitaji mahali pakavu. Pata stoo au rafu ukutani kabla ya kufungua bolti ya kwanza. Sakafu iwe ya saruji, ngumu na tambarare.

Naweza kuliweka gari juu ya mawe ya kujengea?

Usifanye hivyo hata kwa dakika tano. Jiwe la machimbo na tofali la saruji hubeba uzito mzuri ukiwa umesambaa, lakini ukingo wa chesisi hubana sehemu ndogo, na jiwe hupasuka bila kuonya. Tumia stendi za chuma za tani tatu, nne kwa jumla, au magogo mapana ya mbao ngumu yaliyopangwa kwa kupishana. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake.

Vifaa vya lazima ni vipi?

Seti ya soketi na spana, nyundo, tupa, grinda ndogo, mita ya umeme, geji ya kupimia nafasi za valvu, geji ya kompresheni (ya kupima jinsi silinda inavyobana hewa), spana ya kupimia nguvu ya kukaza, na kizima moto cha unga cha kilo mbili au zaidi kilichoning'inizwa karibu na mlango, si karibu na gari. Kompresa na mashine ya kuchomelea unaweza kukodi.

Mwenye Land Rover anunue spana za inchi. Kichwa cha bolti cha nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 huingia na kuonekana kama inatosha, kisha humenya kichwa cha bolti siku ile ile unayoihitaji zaidi.

## Kufungua

Nifungue gari lote mara moja?

Hapana, na hili ndilo jibu muhimu kuliko mengine yote hapa. Miradi mingi haifi kwa kukosa spea. Hufa kwa sababu gari liligeuka kuwa maboksi kumi na mawili ya vipande ambavyo hakuna anayekumbuka vilitoka wapi. Fanya sehemu moja, imalize, irudishe, ndipo ufungue nyingine. Gari lisukumike kwa magurudumu yake kadiri inavyowezekana. Mwenye nyumba akikuambia uhame, utahama nalo.

Kila kipande kipige picha tatu kabla hakijatoka: kwa mbali, kwa karibu, na upande wa nyuma. Bolti za sehemu moja zitie kwenye mfuko mmoja wa plastiki wenye karatasi ndani iliyoandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu huyeyuka ukiguswa na petroli. Bolti unayoweza kuirudisha kwenye tundu lake kwa mkono, irudishe. Hata kipande kilichooza usikitupe. Ndicho kielelezo cha fundi wa leithi (mashine ya kuchonga chuma).

Bolti zimeshika kutu. Nitazitoaje bila kuzikata?

Sugua kutu kwa brashi ya waya, paka mchanganyiko wa nusu asetoni na nusu mafuta ya giaboksi otomatiki, uache usiku mzima. Kesho yake gonga kichwa cha bolti moja kwa moja kwa nyundo mara chache, kisha jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Ikikataa, pasha moto nati (si bolti) mpaka ianze kuwa nyekundu, iache ipoe kiasi, ujaribu tena. Asetoni na moto havikutani: futa kila kitu kikauke kwanza, na moto ukae mbali kabisa na tangi, mabomba ya petroli na mabomba ya breki.

## Kutu na bodi

Ni kweli molasi ya ng'ombe huondoa kutu?

Ni kweli, na kwa watu wa ukanda wa miwa hii ndiyo njia rahisi kuliko zote. Molasi inayouzwa kwa wafugaji kuanzia Muhoroni hadi Mumias ina viambato vinavyoshika kutu na kuiachilia majini bila kula chuma kizima.

Changanya sehemu moja ya molasi na sehemu tisa za maji kwenye pipa la plastiki. Pipa la lita 100 linahitaji lita 10 za molasi. Osha kipande kwanza kwa sabuni na maji ya moto kitoke grisi yote, kwa maana molasi haipiti kwenye mafuta. Kizamishe chote, kinachobaki nje ya maji hufanya mstari wa kutu mpya pale uso wa maji unapoishia. Kisumu kwenye joto, bawaba ya mlango huwa tayari kwa siku saba hadi kumi. Nakuru au Eldoret subiri wiki mbili hadi tatu.

Siku ya tano utaona povu la kahawia na ngozi kama ya uji uliolala. Hiyo ni kawaida. Harufu nayo ni kawaida, kwa hiyo weka pipa mbali na dirisha la jirani na ulifunike vizuri, la sivyo utafuga nzi na nyuki. Kipande kikitoka huwa na utando mweusi unaofutika kwa brashi na maji, na chini yake kuna chuma cha kijivu kisicho na mng'ao. Una kama nusu saa kabla hakijaanza kugeuka rangi ya chungwa: kioshe, kikaushe kwa hewa au juani, kipake praima au mafuta papo hapo.

Onyo: usitie aluminiamu, zinki wala kipande cha kabureta. Molasi huvila. Usitie pia kipande chenye bearingi au springi nyembamba ndani.

Fundi anataka kuziba sakafu kwa mabati ya paa. Nikubali?

Usikubali. Bati la paa la geji 30 ni kama robo ya milimita, na sakafu ya gari ni sehemu ya nguvu zake. Tena bati lina zinki, na zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kichefuchefu usiku huohuo. Nunua shiti nyeusi ya chuma: geji 20 kwa paneli za nje, geji 18 kwa sakafu na mihimili.

Kabla ya kukata, pima nafasi kati ya mlango na bodi pande zote na uziandike. Chomelea bomba la mraba la milimita 25 kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma ndani ya kila mlango. Kata upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili. Anayekata sakafu zote mbili siku moja hugundua baada ya rangi kwamba milango haifungi.

Mashine ya arki ya mtaani inaweza kuchomelea bodi?

Kwenye chesisi ya Land Rover, ndiyo. Kwenye paneli ya milimita 0.9 itatoboa na kukunja. Tafuta mwenye mashine ya MIG yenye waya wa milimita 0.6, au fundi mzee wa gesi anayetumia mdomo mdogo. Apige nukta, aruke sentimita kumi, apige nyingine, mpaka nukta zikutane. Kuchomelea mstari mmoja mrefu bila kupumzika hugeuza paneli kuwa wimbi. Tenganisha betri, ukatoe na alterneta kwenye waya zake.

Fila iwe nene kiasi gani?

Isizidi milimita tatu. Inapohitajika zaidi, bodi haijanyooshwa.

Tangi la petroli lina kutu ndani. Nilichome nizibe tundu?

Tangi tupu ni bomu kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke ndio unaolipuka. Kuchomelea tangi mwachie mtu anayejua kulijaza maji na kuacha mwanya mdogo tu. Kwa kusafisha, litoe, tia kokoto kavu au mnyororo mfupi, lifunge kwa blanketi na ulitikise kila upande, kisha tumia mchanganyiko wa molasi kama ulivyoelezwa juu. Ukimaliza suuza kwa maji mengi, likaushe, na uweke chujio jipya la petroli. Utabadilisha chujio hilo mara mbili au tatu miezi ya mwanzo.

## Injini

Injini imeshika, haizunguki. Tulivute kwa gari lingine likiwa na gia?

Hapo ndipo ringi huvunjika na koni-rodi hupinda. Toa plagi, mimina vijiko vitatu vya ule mchanganyiko wa asetoni na mafuta ya giaboksi katika kila silinda, acha siku tatu, ongeza, acha tena. Jaribu kuzungusha kwa spana kwenye nati ya puli, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ikisogea hata kwa upana wa kidole, umeshinda. Endelea hivyo kwa siku kadhaa. Kabla ya kuiwasha badilisha oili, kisha izungushe bila plagi mpaka taa ya oili izime.

Kitabu kinasema kompresheni pauni 120 kwa inchi ya mraba, yangu inasoma 96. Injini imechoka?

Uko Nakuru? Basi injini yako ni nzima. Vitabu huandikwa kwa usawa wa bahari. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi na hewa yake ni pungufu kwa takriban asilimia 20. Kisumu, mita 1,131, ni pungufu kwa asilimia 13 hivi, na Eldoret asilimia 22 au zaidi kidogo. Pauni 120 za kitabu huwa 96 Nakuru na karibu 105 Kisumu. Injini nyingi zimefunguliwa bure kwa sababu ya hesabu hii.

La kutazama ni tofauti kati ya silinda. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 15, tia kijiko cha oili kwenye ile ya chini upime tena. Ikipanda, ringi zimeisha. Isipopanda, tatizo ni valvu au gasketi ya hedi.

Hewa hiyohiyo nyepesi hufanya kabureta kulisha petroli kupita kiasi. Plagi nyeusi zenye masizi makavu Nakuru au Eldoret maana yake ni jeti kubwa mno. Shuka saizi moja, endesha kilomita 50, utazame plagi tena. Ukiteremka kwenda Kisumu au Mombasa rudisha ya zamani, kwani mchanganyiko mkavu huunguza valvu.

Petroli ya siku hizi haina risasi. Itaharibu valvu?

Afrika kusini mwa Sahara iliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006. Risasi ililinda viti vya valvu vilivyochongwa moja kwa moja kwenye hedi ya chuma cha kusubu, kama ya Morris Minor. Hedi za aluminiamu za Beetle na Peugeot zina viti vigumu vilivyopachikwa, kwa hiyo usihangaike. Mwenye Morris aendeshe polepole, apime nafasi za valvu mara kwa mara, na siku hedi ikifunguliwa fundi wa leithi apachike viti vigumu vya valvu za ekzosi.

Niweke oili gani?

Injini: 20W-50 ya kawaida. Beetle huchukua lita 2.5 tu na haina chujio la oili, ila wavu. Ibadilishe kila kilomita 5,000 na upime valvu siku hiyohiyo injini ikiwa baridi kabisa, milimita 0.15. Nati ndogo za kifuniko cha wavu zinataka Nm 7 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Ni nguvu ya vidole viwili kwenye spana fupi, na anayezikaza kama za gurudumu hung'oa stadi kutoka kwenye aluminiamu.

Giaboksi ya Beetle itiwe oili ya gia ya daraja la GL-4. Peugeot 404 ina mtego: difu yake hutumia skrubu inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi, na oili ya kawaida ya difu yenye dawa kali za GL-5 hula shaba hiyo taratibu. Anayekuambia "difu ni difu" hajawahi kufungua ya 404.

Radieta inachemka kila nikipanda Mau Summit.

Nakuru maji huchemka karibu nyuzi 94, na ukipanda, mapema zaidi. Kifuniko cha radieta cha pauni 7 hupandisha kiwango hicho hadi nyuzi 107 hivi, kwa hiyo kifuniko chenye raba iliyokufa ndicho mshukiwa wa kwanza na wa bei nafuu. Kisha thamostati, mkanda wa feni, na mwisho radieta yenyewe. Usitoe thamostati ukaacha wazi.

Maji ya visima vya Bonde la Ufa yana chumvichumvi zinazoganda kwenye mirija. Tumia maji ya mvua au ya betri pamoja na kizuia kutu, hasa kwenye 404 na 504 ambazo silinda zao huguswa na maji moja kwa moja.

Na Beetle isiyo na radieta?

Hupozwa kwa hewa na oili. Mabati yote yanayozunguka injini yawepo, na raba ya kuzuia hewa moto isirudi juu iwe kamili. Mkanda ukibonyezwa katikati ulegee milimita 15 hivi. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka barabarani simama hapohapo: mkanda unaozungusha dinamo ndio unaozungusha feni, na dakika chache tu zinatosha kuua silinda ya tatu. Na kila mwaka badilisha mpira wa petroli ulio karibu na kabureta. Beetle nyingi zilizoteketea ziliteketea kwa mpira wa nusu mita.

Linawaka vizuri asubuhi, likipata moto linakataa.

Likizima, toa waya wa plagi moja mara moja, weka plagi ya akiba, uiguse kwenye chuma na uzungushe injini, mbali na petroli. Hakuna cheche, au ni nyekundu na dhaifu: koili au kondensa inakufa ikipata joto. Cheche ya buluu ipo: petroli inageuka mvuke kwenye bomba, jambo linalotokea upesi zaidi kwenye miinuko. Sogeza bomba mbali na ekzosi, weka kikinga joto cha bati chini ya kabureta. Vibanio vya nguo vya mbao kwenye bomba la petroli havidhuru. Pia havisaidii sana.

## Breki na umeme

Breki nianze nazo lini?

Kabla ya kuwasha injini, maana gari likiwaka utataka kulijaribu. Badilisha raba zote, hosi zote za mpira na mabomba yote ya chuma hata yanayoonekana mazima. Bomba la shaba na nikeli la milimita 4.75 hukunjika kwa mkono na halili kutu. Midomo ya bomba inatofautiana: Beetle na Peugeot si sawa na Land Rover, hivyo peleka bomba la zamani kwa fundi kama kielelezo. Mafuta ya breki yawe ya daraja la DOT 4 kutoka chupa iliyofungwa, yabadilishwe kila miaka miwili. Tone la oili ya injini likiingia, raba zote huvimba na breki hushika zenyewe barabarani.

Lainingi za breki za zamani (vipande vinavyosugua ngoma) huwa na asbesto. Lowesha vumbi lake kwa maji, ulifute. Usilipulize kwa kompresa.

Nati ya katikati ya gurudumu la nyuma la Beetle, ya 36, inakazwa kwa karibu Nm 300. Huna spana kubwa ya kupimia? Bomba la mita moja na nusu lililolala sawa, likaning'inizwa ndoo ya maji yenye uzito wa kilo 20 mwishoni, hutoa nguvu hiyohiyo. Tundu la pini lisipolingana, kaza mbele mpaka lilingane. Usirudishe nyuma.

Naweza kutumia waya wa nyumba kwenye gari?

Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene hukatika kwa mtikisiko. Tumia waya wa gari wenye nyuzi nyingi: milimita za mraba 1.5 kwa taa ndogo, 2.5 kwa taa kubwa, na rilei ili swichi isiungue. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 hufunga chanya ya betri kwenye bodi. Angalia kabla ya kuunganisha redio au alterneta, zisiungue papo hapo.

## Rangi

Mbona rangi yangu imekuwa nyeupe kama maziwa?

Unyevu. Thina inapokauka haraka hupoza uso wa rangi, na maji ya hewani huganda juu yake. Kisumu wakati wa mvua hili hutokea hata kwa fundi mzuri. Paka kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba, tumia thina ya kukauka polepole, toa maji kwenye kompresa kila baada ya muda mfupi. Usipake jioni ukiwa umewasha taa karibu na ziwa: wadudu wa ziwani watakuja kwa maelfu, na wote watabaki kwenye bonet. Nakuru adui ni vumbi jepesi la Januari hadi Machi. Mwagia sakafu maji kabla ya kuanza.

Praima ya kawaida hunyonya maji kama sponji. Gari lililopakwa praima likaachwa nje msimu mmoja linapata kutu chini yake, na utarudia kila kitu.

Naweza kupaka rangi ya hadina (inayochanganywa na dawa ya kuigandisha) nyumbani?

Bila barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, hapana. Hadina hiyo ina isosayanati, kemikali inayoweza kukuachia pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Andaa bodi mwenyewe kwa msasa wa 80, 180, 320 kisha 600 wa maji, halafu mlipe mwenye chumba cha kupakia. Maandalizi ndiyo sehemu kubwa ya gharama, kwa hiyo utakuwa umeokoa vya kutosha.

## Karatasi na hali zisizo za kawaida

Mwenye gari alishafariki na logbuku bado ina jina lake.

Mtoto wa marehemu hawezi kukuuzia kwa mdomo tu. Familia ipate kwanza kibali cha mahakama cha kusimamia mirathi, ndipo uhamisho ufanyike kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Logbuku ikiwa imepotea, mwenye jina ndiye anayeomba nakala, akianzia polisi kwa abstrakti (hati ya kuripoti upotevu). Usianze kufungua gari kabla hayo hayajakamilika. Namba za zamani zisizo na herufi ya mwisho zina thamani kwa wapenzi wa magari haya, na watu wamewahi kurudi kudai gari lililokwisha ng'arishwa.

Nikiweka injini ya Toyota, kuna ubaya?

Kwa sheria, namba mpya ya injini lazima ikaguliwe na kuingizwa kwenye logbuku; kubadilisha rangi nako kunaripotiwa. Kwa ufundi, gari litakwenda. Kwa thamani, umeshapoteza sehemu kubwa. Kama huna budi, usikate chesisi wala vishikio vya injini vya awali, na injini ya zamani ihifadhiwe.

Kuna mahali pa kulionyesha?

Africa Concours d'Elegance hufanyika Nairobi kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Majaji hutazama chini ya gari pia, kwa hiyo usipake rangi juu ya matope.

Safari ya kwanza iwe wapi?

Iwe tambarare na karibu na nyumbani. Kutoka Kisumu, barabara ya Ahero inafaa. Usiguse mlima wa Kiboswa mpaka umefika kilomita 200. Kutoka Nakuru, zunguka upande wa Njoro kabla ya kufikiria Salgaa. Bima ya mtu wa tatu iwe tayari, kwani hata kilomita moja barabarani inaihitaji. Beba maji, mkanda wa feni, pointi, kondensa, mpira wa petroli na waya.

Simama baada ya kilomita tano, gusa kila kitovu cha gurudumu kwa mgongo wa mkono: kimoja kikiwa moto kuliko vingine, breki yake inashika au bearingi imebanwa mno. Kaza nati za magurudumu tena kwenye kilomita 50, na baada ya 500 badilisha oili, pima valvu, uzungushe spana kwenye kila bolti uliyoigusa.